Unene wa Milimita Mbili na Nusu

Gitaa kavu, yaani lile linalotoa sauti kwa nguvu ya mbao na hewa iliyomo tumboni mwake bila msaada wa umeme, ni kisanduku chembamba kinachodaiwa mambo mawili yasiyopatana. Kinatakiwa kiwe imara kiasi cha kustahimili mvuto wa nyuzi sita za chuma, ambao kwa pamoja hufikia kilo 70 hivi usiku na mchana kwa miaka mingi, na papo hapo kiwe chepesi kiasi kwamba mguso wa kidole kimoja utoshe kuutikisa uso wake wote. Kikiimarishwa kupita kiasi kinakuwa bubu, na kikilegezwa kupita kiasi kinaimba vizuri kwa msimu mmoja kisha kinajikunja mbele ya mwenyewe. Hatua zote za ufundi wa gitaa, tangu kuchagua ubao hadi kupaka polishi ya mwisho, zinauzunguka mvutano huo, na ndiyo maana kazi hii, ingawa huitwa ujenzi, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kupunguza.

Neno linalotumika Ulaya kwa fundi wa ala za nyuzi ni la Kifaransa, luthier, na chimbuko lake ni luth, ala ambayo jina lake nalo lilitoholewa kutoka al-ud ya Kiarabu, yaani udi uleule unaosikika katika taarabu ya Unguja na Mombasa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuuona ufundi huu kuwa mgeni kabisa kwake. Anayezungumziwa katika makala haya, hata hivyo, si fundi mwenye karakana na wateja, bali fundi wa ridhaa: mwalimu, muuguzi, mhasibu au mstaafu ambaye jioni, saa za ajira zikiisha, hufungua kibanda cha uani na kutumia miezi minane au mwaka mzima kuunda gitaa moja ambalo huenda asiliuze kamwe. Fundi wa namna hii hana mashine kubwa, hana akiba ya mbao za miaka thelathini na hana mkono uliozoea kazi hiyohiyo mara elfu. Alicho nacho ni muda, na pia uhuru mmoja ambao kiwanda hakiwezi kujiruhusu.

Uhuru huo unaeleweka vizuri zaidi kwa kuangalia jina ambalo gitaa kavu limepewa na wapigaji wengi wa Tanzania, galatoni. Jina hilo ni la biashara lililogeuka kuwa nomino ya kawaida, kwa kuwa Gallotone ilikuwa chapa ya Afrika ya Kusini ambayo magitaa yake ya bei nafuu yalienea katika sehemu kubwa ya bara hili katikati ya karne ya 20, na ndani ya baadhi yake, ukichungulia kupitia tundu la sauti, palibandikwa karatasi iliyomhakikishia mnunuzi kwamba gitaa hilo halitapasuka. John Lennon wa Uingereza, mwanzoni mwa safari yake ya muziki, alipiga gitaa la chapa hiyohiyo mwaka 1957. Ahadi ile ya kutopasuka inasema mengi kuhusu mantiki ya kiwanda: anayeuza maelfu ya magitaa kwa watu asiowajua, watakaoyaacha juani, kwenye buti la gari au ukutani juu ya jiko, hana budi kuacha mbao nene na viungo vizito, maana kila gitaa linalorudishwa dukani ni hasara. Fundi wa ridhaa, ambaye mteja wake ni yeye mwenyewe au mpwa wake, anaweza kuusogelea ukingo wa hatari kwa sehemu ya kumi ya milimita zaidi, na humo ndani ya sehemu hiyo ya kumi ndimo sauti nzuri ilimojificha.

Aliyeonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko wote alikuwa seremala wa Almería, kusini mwa Hispania, Antonio de Torres, aliyeishi kati ya mwaka 1817 na 1892 na ambaye umbo na vipimo vyake ndivyo vinavyofuatwa hadi leo katika gitaa la klasiki, pamoja na urefu wa uzi wa milimita 650 kutoka shingoni hadi kwenye daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni. Mwaka 1862 Torres aliunda gitaa ambalo mgongo wake na mbavu zake, yaani kuta za pembeni, zilikuwa za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, huku uso pekee ukiwa wa mbao nzuri iliyochongwa kwa uangalifu wake wote. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona, na hoja yake haijawahi kujibiwa: kinachoimba ni uso, na sehemu nyingine zote ni wasaidizi. Fundi anayeanza, ambaye mara nyingi hutumia fedha nyingi kwa mbao za mgongo zenye madoadoa ya kupendeza kisha akaokoteza ubao wowote wa uso, angefaa kuikumbuka karatasi ya Torres kabla hajafungua pochi.

Kwa muda mrefu maarifa ya aina hii yalirithishwa ndani ya familia na karakana, na aliyetaka kujifunza bila kuwa mwanagenzi wa mtu hakuwa na pa kuanzia. Hali ilibadilika polepole katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 1966 Irving Sloane alichapisha Marekani kitabu chenye picha kuhusu ujenzi wa gitaa la klasiki, ambacho mtu mwenye meza na patasi aliweza kukifuata nyumbani. Mwaka 1972 mafundi waliunda chama mjini Tacoma, katika jimbo la Washington, kiitwacho Guild of American Luthiers, kwa msimamo kwamba maarifa yagawanywe badala ya kufichwa. Na mwaka 1987 William Cumpiano na Jonathan Natelson wakatoa kitabu kikubwa kilichoeleza gitaa la nyuzi za chuma na lile la klasiki kwa kina ambacho baadhi ya mafundi wa riziki walikuwa hawajakizoea. Leo mtu huweza hata kununua mbao zilizokwisha kukatwa na kupindwa, jambo ambalo wakongwe hulidharau bila haki, kwa kuwa hata mbao hizo zinamwachia mnunuzi maamuzi yote magumu.

Uamuzi wa kwanza ni ubao wa uso. Huu huwa wa mwerezi au wa sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii moja na msonobari, ambao mbao zake ni nyepesi lakini hazikubali kupinda kirahisi katika urefu wa mishipa yake, na fundi wa Dar es Salaam au Nairobi hana budi kuuagiza kutoka ng'ambo. Gogo hupasuliwa kwa namna ambayo miviringo ya umri wa mti inasimama wima ndani ya ubao, kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa rafuni, kwa sababu ubao wa namna hiyo husinyaa kwa kiasi kidogo hewa inapokauka na huwa mgumu zaidi kwa upana wake. Kisha ubao mmoja hupasuliwa katikati ya unene wake na kufunuliwa kama kitabu, ili nusu mbili zinazofanana kama mtu na kivuli chake ziunganishwe ubavu kwa ubavu. Kiungo hicho hakifichwi kwa gundi. Kingo hupigwa randa mpaka, zinapokutanishwa na kuinuliwa mbele ya dirisha, hakuna hata uzi mmoja wa mwanga unaopenya, na fundi wa ridhaa ambaye hajawahi kunoa randa ipasavyo huligundua kosa lake hapo, siku ya kwanza kabisa.

Ubao uliounganishwa huanza ukiwa na milimita nne hivi za unene, na safari ya kuushusha hadi karibu na milimita mbili na nusu ndiyo inayomtofautisha mtu aliyejenga gitaa na aliyejenga sanduku. Kanuni inayotawala hapa ni ya fizikia na haina huruma: uzito wa ubao hupungua sawasawa na unene wake, lakini ugumu wake, yaani uwezo wa kupinga kupindwa, hufuata unene huo ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Uso unaposhushwa kutoka milimita 3 hadi 2.5, uzito hupungua kwa asilimia 17 hivi, ilhali ugumu hupungua kwa zaidi ya asilimia 40. Maana yake ni kwamba randa inayopita mara moja mwishoni mwa kazi ina athari kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, na karatasi moja ya daftari, ambayo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, inatosha kuwa kipimo cha woga. Tena hakuna namba moja inayofaa kila ubao, kwa kuwa mbao mbili za sprusi kutoka msitu mmoja zinaweza kutofautiana ugumu kiasi kwamba mmoja uko tayari kwenye milimita 2.8 na mwingine bado unasubiri kwenye 2.4. Fundi huupinda ubao kwa viganja, huuning'iniza kwa vidole viwili na kuugonga kwa kifundo, akisikiliza kama unalia au unanung'unika. Imani nyingi zimejengwa juu ya ugongaji huo, nyingine zikikaribia uganga, na fundi makini hugonga huku akiwa na mizani na kipimio mkononi.

Uso mwembamba kiasi hicho hauwezi kusimama peke yake mbele ya nyuzi, kwa hiyo upande wa ndani hubandikwa fito, vijiti vyembamba vya sprusi vinavyofanya kazi ileile ya fito za nyumba ya udongo, yaani kushikilia bila kulemea. Torres alizipanga fito zake saba mfano wa upepeo uliofunguliwa chini ya daraja. Christian Frederick Martin, aliyezaliwa mwaka 1796 Markneukirchen, Ujerumani, na kuhamia New York mwaka 1833 kabla ya kuweka makao Nazareth, Pennsylvania, alitumia fito mbili zinazopishana kama herufi X, mpangilio ulioanza kuonekana katika magitaa yake miaka ya 1840, wakati nyuzi zilikuwa bado za utumbo wa mnyama, na ambao baadaye uligundulika kuwa ndio hasa unaoweza kubeba nyuzi za chuma. Magitaa mengi makavu ya nyuzi za chuma yaliyopo duniani leo yana X hiyo tumboni. Fito nazo hupunguzwa kwa patasi baada ya kubandikwa, na kanuni ya mara tatu inazihusu pia kwa upande wa kimo: ufito ukishushwa kimo kwa asilimia 10 hupoteza zaidi ya robo ya ugumu wake, ilhali ukipunguzwa upana kwa kiasi hichohicho hupoteza asilimia 10 tu. Ndiyo sababu fito za gitaa zuri huwa nyembamba na ndefu kwa kimo, zikichongwa kileleni mfano wa paa la nyumba, ili zibaki na kimo na kuacha uzito.

Mbavu hupindwa kwa joto. Ubao wa milimita mbili hulowanishwa kidogo, kisha husukumwa taratibu dhidi ya kipande cha bomba la chuma kilichopashwa moto kwa ndani kwa gesi, mpaka ile gundi ya asili inayoshikamanisha mbao inapolainika na ubao, uliokuwa mkaidi, unakubali ghafla kama ngozi. Mkono huhisi badiliko hilo kabla ya jicho kuliona. Anayeharakisha husikia mlio mkavu na kulazimika kuanza upya na ubao mwingine. Mbavu zilizopindwa huwekwa ndani ya kalibu, ukingo wa ndani huongezewa ukanda wenye meno kama ya chanuo ili gundi ipate eneo la kushika, kisha uso na mgongo hufungwa. Hakuna kati ya hivyo viwili kilicho bapa kabisa: uso hupewa mwinuko mdogo wa mviringo ambao nusu kipenyo chake ni mita nane na nusu hivi, na mgongo hupewa mwinuko mkali zaidi, ili mbao zinaposinyaa ziwe na mahali pa kushukia badala ya kupasuka.

Kusinyaa huko ndiko adui asiyeonekana wa fundi wa ukanda wa pwani, na kunastahili maneno zaidi kuliko kunavyopewa kawaida. Mbao haziachi kupumua baada ya kukatwa. Hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, zikivimba na kusinyaa kwa upana wa mishipa yake zaidi sana kuliko kwa urefu. Mafundi wa Ulaya na Marekani hujitahidi kubandika fito na kufunga kisanduku katika hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, kwa sababu gitaa lililofungwa katika hali hiyo linaweza kuvimba kidogo mahali penye unyevu bila kudhurika. Kinyume chake ni hatari. Gitaa lililofungwa Tanga au Lamu wakati wa masika, mbao zikiwa zimeshiba maji, likisafirishwa hadi Dodoma wakati wa kiangazi, au likapelekwa zawadi kwa jamaa anayeishi katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, litasinyaa huku fito za ndani, ambazo mishipa yake inakatiza ile ya uso, zikikataa kusinyaa pamoja nalo, na uso utapasuka kwa mlio unaofanana na risasi ndogo. Dawa yake si ghali: kabati lililozibwa lenye balbu inayotoa joto na kipimo cha unyevu cha bei ndogo, ambamo mbao hukaa wiki kadhaa kabla ya kubandikwa na kurudishwa kila jioni kazi inapokoma. Hapa tena muda ndio mtaji, na fundi wa ridhaa anao.

Shingo inaweza kuelezwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa makosa yake yanaonekana na hivyo yanarekebishika. Mahogani imekuwa mbao ya shingo kwa vizazi vingi kwa sababu ni nyepesi na haipindipindi, na mkangazi wa Afrika Mashariki ni wa jamii hiyohiyo. Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma hulazwa fimbo ya chuma inayoweza kukazwa ili kurekebisha mkunjo. Juu yake hubandikwa ubao wa vidole, na ndani ya ubao huo hukatwa mifereji ya freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyogawanya uzi katika noti. Nafasi za freti si suala la sikio bali la hesabu, ambapo urefu wa uzi hugawanywa kwa 17.817, jibu likawa umbali wa freti ya kwanza, kisha urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba ileile, na kadhalika. Kwa uzi wa milimita 650 freti ya kwanza huangukia kwenye milimita 36.48, ya pili milimita 34.43 mbele yake, na ya 12 huangukia katikati kabisa, kwenye milimita 325. Kosa la nusu milimita husikika.

Ubao wa vidole na daraja ndipo Tanzania inapoingia katika habari hii kwa haki kamili, kwa sababu mojawapo ya mbao zinazotamaniwa zaidi kwa sehemu hizo ni mpingo, mti mdogo wa nyika unaokua polepole mno, wenye kiini cheusi kizito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Wachonga vinyago wa Kimakonde wanaujua, na viwanda vya klarineti na obo vya Ulaya vinaujua zaidi. Kwa fundi wa gitaa, mpingo una sifa ya kutolika haraka chini ya vidole na nyuzi na ya kung'aa kwa mafuta kidogo tu bila vanishi. Lakini magogo yake huwa mafupi, yaliyopinda na yenye mashimo, hata sehemu kubwa ya kila gogo hubaki chini ya msumeno kama takataka. Mwaka 2009 misitu inayosimamiwa na vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba uvunaji wake unazingatia uhai wa msitu, na tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ambayo mpingo ni mmoja wao imekuwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti ya vibali mwishoni mwa Novemba 2019, ila magogo na mbao zilizopasuliwa bado zinadhibitiwa, jambo linalomaanisha kwamba gitaa zima linavuka mpaka kwa urahisi kuliko ubao wa vidole ambao haujabandikwa.

Je, mbao hizi adimu zinastahili heshima zinayopewa kwa ajili ya sauti? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo magitaa sita yaliyoundwa kwa muundo mmoja, yakitofautiana kwa mbao za mgongo na mbavu tu, yalipigwa na wapigaji 52 katika mwanga hafifu na wakiwa wamevaa miwani ya kuwazuia kuona. Magitaa ya mbao za thamani kubwa hayakupata alama za juu kuliko yale ya mbao za kawaida, na wapigaji hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika. Ni kana kwamba Torres alirudi na karatasi yake. Fundi aliyeko Tabora mwenye ubao wa mninga uliokauka miaka kumi darini anaweza kulala usingizi, na mpingo ukabaki pale unapohitajika kweli, chini ya vidole.

Kisanduku kikishafungwa, kingo hupewa pindo, utepe mwembamba wa mbao ngumu unaoziba miisho ya mishipa isinywe unyevu, na hapo huanza hatua ambayo mafundi wengi wa ridhaa huiogopa kuliko zote, nayo ni umaliziaji. Woga huo una msingi. Hadi hapo kila kosa lilikuwa la mbao na lilijibiwa kwa mbao, ilhali sasa kosa ni la kioo, na mwanga wa dirishani hulitangaza kwa kila anayeingia chumbani. Kwanza huja msasa, kutoka ule mkali wa chembe 120 hadi laini wa 320, ukisuguliwa kwa kufuata mishipa, kwa kuwa mkwaruzo unaokatiza mishipa, ambao mbao tupu inauficha, hujitokeza kama kovu mara tu polishi ya kwanza inapogusa. Mahogani na jamii ya mpingo zina vitundu vinavyoonekana kwa macho, ambavyo vikiachwa humeza polishi na kubaki kama alama za ndui, na kwa hiyo huzibwa kwanza. Sprusi haina vitundu hivyo na huhitaji kulindwa dhidi ya uchafu wa mikono tu.

Polishi ya jadi, inayojulikana kama polishi ya Kifaransa, ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi juu ya matawi ya miti ya India na Thailand, ambao vipande vyake vikavu huyeyushwa katika spiriti. Haipakwi kwa brashi. Fundi hufunga sufi ndani ya kitambaa cha pamba kilichochakaa, akapata kibonge kinachotosha kiganjani, akakilisha shelaki kidogo na tone la mafuta ya zeituni ili kisinate, kisha akakipitisha juu ya mbao kwa miviringo midogo na michoro ya namba nane, bila kusimama hata mara moja juu ya uso. Mwanzoni hunyunyiza unga laini wa jiwe la volkano, ambao husaga mbao na kuchanganyika na shelaki hadi kuziba vitundu kwa vumbi la ubao wenyewe. Kila kipindi huacha tabaka lisilopimika kwa kipimio chochote cha nyumbani, na vipindi hivyo hurudiwa kwa wiki kadhaa. Jumla yake ni ngozi nyembamba kuliko polishi nyingine yoyote yenye mng'ao, na hapo ndipo shelaki inapoafikiana na hoja nzima ya gitaa, maana kila gramu ya vanishi juu ya uso ni gramu ambayo nyuzi zitalazimika kuitikisa.

Udhaifu wake ni wazi. Jasho huilainisha, kinywaji kikali kikimwagika huiyeyusha, na katika joto la pwani gitaa lililofungiwa mapema mno ndani ya mfuko wake hutoka na alama za kitambaa mgongoni. Kwa upande mwingine, shelaki mpya huyeyusha ya zamani na kuungana nayo, hivi kwamba mkwaruzo wa leo unaweza kufutwa baada ya miaka ishirini bila kuacha mpaka.

Njia ya pili ni laka ya nitroselulosi, ambayo katika miaka ya 1920 ilileta mapinduzi katika upakaji wa magari ya Marekani kabla ya kuwa polishi ya kawaida ya viwanda vya magitaa. Hupulizwa kwa pampu ya hewa, hukauka kwa dakika chache lakini huendelea kusinyaa kwa wiki nyingi, na mvuke wake una sumu na huwaka moto kwa urahisi, kwa hiyo mahali pake si jikoni wala chumba cha kulala watoto, hata kama mitungi midogo ya dukani inamshawishi mtu kufikiri hivyo. Gitaa lililopulizwa huning'inizwa mwezi mzima bila kuguswa, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji wa chembe 800, 1200 na 2000, mpaka vilima vyote vya polishi vimelala na uso wote umekuwa na ukungu mmoja usio na doa linalong'aa, ndipo lisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia. Unene unaolengwa ni kama sehemu ya kumi ya milimita, ile karatasi ya daftari tena, na katika kingo za pindo, ambako mkono hukandamiza zaidi bila kujua, msasa hutoboa tabaka lote na kufikia mbao kabla fundi hajasema lolote. Mafundi wengi hutoboa, na wengi wao hujibu kwa kupuliza tabaka nene zaidi mara ya pili, wakilinda mng'ao kwa gharama ya sauti. Kama ni lazima kuchagua, afadhali gitaa lenye mawimbi kidogo ya polishi na uso unaopumua kuliko kioo kisicholia.

Wasiotaka sumu wala mazoezi ya wiki nyingi hutumia mafuta yanayokauka, yakipakwa kwa kitambaa na kufutwa, mara saba au nane. Hayafikii mng'ao wa laka, lakini kwa gitaa la kwanza yana busara yake.

Daraja hubandikwa mwisho, na kabla ya hapo fundi hulazimika kukwangua polishi aliyoihangaikia, kwa usahihi wa alama ya kisu, chini ya eneo lote la daraja, kwa sababu gundi hushika mbao na haishiki polishi, na daraja lililobandikwa juu ya mng'ao hung'oka ndani ya mwaka. Kisu kikizama kuliko polishi hukata mishipa ya sprusi mahali palepale panapobeba mzigo wote wa nyuzi. Kisha hufuata mfupa wa shingo na mfupa wa daraja, vile vipande viwili vya mfupa wa ng'ombe vinavyobeba nyuzi mwanzoni na mwishoni, na kusawazisha freti kwa tupa ndefu hadi zote ziguse rula kwa pamoja.

Nyuzi zikifungwa kwa mara ya kwanza, gitaa huwa na sauti ya kubana, kama ya mtu aliyeamshwa, na uso huinuka taratibu nyuma ya daraja kadiri mvuto unavyoukalia. Uzi mnene unapopimwa juu ya freti ya 12 hutakiwa kuwa na nafasi ya milimita mbili na nusu hivi, na baada ya wiki ya pili nafasi hiyo huwa imekua hadi tatu, kwa sababu mbao bado zinatafuta mahali pa kutulia. Freti ya 12 iko nusu ya njia, kwa hiyo ili nusu milimita itoke pale, milimita nzima lazima itoke chini ya mfupa wa daraja. Fundi hulegeza nyuzi, huuchomoa mfupa kwa koleo, huchora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri, na kuulaza tena juu ya msasa.